Majina Matatu, Mtoto Mmoja

Nesi wa mapokezi aliuliza jina la mtoto, na Leonsia akafikiria ataje lipi.

Mtoto alikuwa mgongoni, kichwa kimerudi nyuma, shingo imekaza kama mti. Degedege lilikuwa limemshika mara mbili tangu asubuhi, mara ya kwanza uani kwao Igogo, mara ya pili juu ya bodaboda. Foleni nyuma yao ilikuwa ndefu. Nesi, mama mnene mwenye miwani, alishika kalamu akangoja.

"Mama, jina la mtoto. Au umemwokota?"

"Andika Longino. Longino Masele. Miaka saba."

"Amewahi kutibiwa hapa?"

"Amewahi."

Nesi akatafuta kwenye kompyuta. "Longino Masele hayupo. Huyu ni mgeni kwetu."

Leonsia hakubisha. Mtoto alikuwa amelazwa katika hospitali hiyo hiyo akiwa na miaka mitatu, siku kumi na nne, lakini wakati ule aliitwa Chenge. Na kabla ya kuwa Chenge alikuwa Paulo. Ungeanzia wapi kumweleza hayo mtu mwenye foleni ya watu arobaini?

Majina yale yalitoka kwa mama mkwe. Mhoja, mama yake Masele, aliishi kijijini karibu na Bujora, na katika ukoo wao mtoto anayeugua kila mara huhesabiwa kuwa ana mzee anayemdai jina. Marehemu fulani amesahauliwa, hakuna aliyemrithi, basi amemshika huyu. Dawa yake ni kumpa mtoto jina la mzee huyo, na jina la zamani lazima liondoke pamoja na kila lilichogusa: nguo zigawiwe, shanga zikatwe, karatasi zichomwe. Paulo alipopata nimonia ya tatu kabla hajafikisha miaka miwili, mganga alisema ni babu Chenge, aliyekufa bila mtoto. Paulo akawa Chenge. Chenge naye akalazwa kwa homa ya uti wa mgongo, akatoka akiburuta mguu wa kushoto, na sikio la kulia halisikii tena. Mhoja akasema mganga alikosea mzee, atafutwe mwingine.

Safari hiyo Leonsia alikuwa amechoka na wazee wa watu. Alimpa mtoto jina la baba yake mwenyewe, Longino, mzee wa Kihaya aliyekufa usingizini bila kumdai mtu chochote. Kwa hiyo kosa la majina halikuwa la Mhoja peke yake. Leonsia alikuja kulijua hilo baadaye, na lilimuuma, maana alikuwa amezoea kumtwisha yule mama makosa yote.

Alikuwa na sababu za kuzoea. Leonsia alizaliwa upande wa Muleba, kijiji cha migomba kinachotazama ziwa, mtoto wa kwanza wa kike. Mama yake alizika wavulana watatu mmoja baada ya mwingine, na alipomzika wa tatu alilala kitandani miezi mingi, hasemi, hali. Leonsia alikuwa na miaka saba. Wenzake walikwenda shule, yeye akabaki kupika na kubeba wadogo zake wa kike. Mama alipoinuka, mtoto alikuwa mkubwa na shule ilikuwa imempita. Hakuna aliyeomba radhi kwa hilo. Akiwa na miaka kumi na tisa alipanda meli kwenda Mwanza kwa shangazi yake, na mama mmoja wa Kikerewe akamfundisha kushona nyavu za dagaa pale ufukweni Igogo. Kazi hiyo anaifanya mpaka leo, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Sindano ya wavu ikipita mkononi mwake huioni.

Masele alikuwa fundi wa mitumbwi. Walioana, wakapata Alexander, akafa na miaka miwili. Wakapata Selina, binti, ambaye hajawahi kuugua zaidi ya mafua. Wakapata Rwehumbiza, akafa na miaka minne. Baada ya kaburi la pili maneno yalianza: mwanamke huyu ana mkono mbaya, mwanamke huyu amekuja na kitu. Wengine walisema ni UKIMWI, na vipimo vilipotoka safi walisema vipimo vinaweza kununuliwa. Masele hakumtetea. Alipata kazi ya mitumbwi Sengerema, kisha akapata mke hukohuko, kisha akawa anakuja Igogo kama mgeni, mwezi kwa mwezi, na kilo mbili za sukari.

Basi huyo ndiye Leonsia aliyesimama mapokezi siku ile, na mtoto wa mwisho mgongoni.

*

Wodini walipokewa na binti mdogo mwenye nywele za mistari na viatu vya raba. Leonsia alimtazama akavunjika moyo. Huyu hata mtoto hajazaa, alijisemea.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Daktari Precious."

"Marahaba."

Daktari aliinua kichwa cha mtoto, shingo ikakataa. Akaukunja mguu wake, mtoto akalia bila kufumbua macho. Akamulika macho kwa tochi, akasikiliza kifua, akasema taratibu: "Mama, nadhani ni homa ya uti wa mgongo. Tunahitaji kutoa maji kidogo mgongoni tuyapime, tujue tunapigana na nani. Dawa tunaanza sasa hivi. Lakini kwa maji lazima mzazi akubali kwa maandishi."

Maneno hayo Leonsia alikuwa ameyasikia miaka tisa iliyopita, juu ya kitanda cha Rwehumbiza. Siku ile Masele na mama yake walikataa. Walisema mtoto wa jirani alitobolewa mgongo akafa kesho yake. Masele aliweka sahihi ya kukataa, na kesho yake saa sita mchana Rwehumbiza akafa bila kutobolewa. Walipotoka makaburini Mhoja alisema, "Afadhali amekwenda mzima." Leonsia alilibeba neno hilo miaka tisa kama jiwe ndani ya kiatu.

"Baba yake yuko wapi?" daktari aliuliza.

"Sengerema. Kwa mke wake."

"Anapatikana kwa simu?"

"Anapatikana akitaka."

"Basi mama unatosha. Mzazi ni mzazi."

Leonsia aliiangalia karatasi, mistari yake myeusi isiyomwambia kitu. "Daktari, niambie ukweli kama ungemwambia mama yako. Sindano hiyo inaua?"

Daktari alivuta kiti akakaa. "Watoto wengi wanaletwa wamechelewa. Anachomwa leo, anafariki kesho, na sindano ndiyo inayosingiziwa kwa sababu ndiyo iliyoonekana. Kinachoua ni ugonjwa, mama. Hatari ya sindano ipo, lakini ni ndogo sana. Hatari ya kutojua ni kubwa."

"Mimi sijui kuandika."

"Tuna wino."

Leonsia alikandamiza dole gumba mpaka daktari akamwambia inatosha, karatasi itatoboka.

Maji yalitoka yakiwa na ukungu, kama maji ya kuoshea mchele. Daktari alimwonyesha chupa, akamwambia yangepaswa kuwa meupe kama ya kunywa. Leonsia alishukuru kuonyeshwa. Miaka yote ya hospitali, hakuna aliyewahi kumwonyesha kitu.

*

Siku ya tatu mtoto alikuwa bado hajafumbua macho. Degedege lilikuwa limekoma, homa imeshuka, lakini alilala tu. Saa ya kuona wagonjwa, Mhoja aliingia wodini na kanga mbili na fimbo yake, na nyuma yake Masele, kofia mkononi. Alikuwa amevuka na kivuko cha asubuhi akampitia mama yake.

Leonsia alisimama. "Shikamoo, mama."

Mhoja hakuitikia. Alitazama bandeji ndogo kiunoni mwa mtoto. "Nani aliwaruhusu kumtoboa mjukuu wangu?"

"Mimi."

"Wewe kama nani?"

"Kama niliyemzaa. Wewe ulipomzaa Masele, niliulizwa?"

Mama wa kitanda cha pili alicheka, akajifanya anakohoa.

"Wawili umeshawazika," Mhoja alisema, "na huyu unamchimbia kwa mikono yako. Ulipanda meli na kifo chako huko kwenu, ukaja kukishusha nyumbani kwangu. Nimetoka kwa mganga. Mzee anayemtaka mtoto amejulikana sasa, ni Kashindye, kaka wa baba mkwe wangu. Leo tunaondoka naye."

"Anaondoka na nani? Hata kumeza mate hawezi."

"Mama Selina," Masele alisema kwa sauti ya chini, "twende naye siku mbili tu. Apewe jina, halafu tunamrudisha."

"Baba Selina, mimi nakuheshimu. Kaa kwenye kile kiti. Ukimgusa huyu mtoto nitapiga kelele mpaka mlinzi wa getini apande ngazi, na kelele zangu unazijua."

Masele alizijua. Alikaa.

Daktari Precious alikuta hali hiyo. Aliwasalimu wazee kwa heshima, akapiga goti kidogo, akamsalimia Mhoja kwa Kisukuma, na hilo lilimfungua yule mama kinywa.

"Mjukuu wangu, wewe ni mtoto wetu, utanielewa. Muulize huyu mwanamke hospitali imemsaidia nini. Mtoto ameugua mapafu akiwa Paulo. Ameugua masikio akiwa Paulo. Tukambadilisha akawa Chenge, akalazwa hapa hapa na homa hii hii ya mgongo. Sasa yeye kampa jina la kwao, ndiyo mnaona. Dawa zenu zimefanya nini?"

Daktari alikuwa anaandika. Kalamu ikasimama. "Bibi, subiri. Chenge ni nani?"

"Ni huyu."

"Na Paulo?"

"Ni huyu huyu. Unadhani tunao wangapi?"

"Na alilazwa hapa, kwa homa ya uti wa mgongo?"

"Siku kumi na nne," alisema Leonsia.

Daktari aligeuka kwake. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Mapokezi waliniuliza kama amewahi kutibiwa. Nikasema amewahi. Kompyuta yenu ikasema ni mgeni."

"Kuna daftari lolote la matibabu la huyo Paulo? La huyo Chenge?"

"Yalichomwa," Mhoja alijibu. "Jina likitoka, karatasi zinachomwa. Nilisimama pale nikaona moshi."

Leonsia alitazama sakafu. Hii ilikuwa siri yake ya miaka mingi, na alikuwa ameapa kufa nayo. Kisha akamtazama mtoto, mdomo umekauka, mpira wa chakula puani.

"Hayakuchomwa," alisema. "Ulichokiona kikiungua ni magazeti ya kufungia dagaa."

Masele aliinua kichwa. Mhoja akatafuta pa kukaa, na mama wa kitanda cha pili akamsogezea ndoo.

Selina, ambaye alikuwa amekuja na uji baada ya shule, alitumwa Igogo. Madaftari yalikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, chini kabisa ya sanduku la nyuzi za nyavu, mahali ambapo hakuna mwanamume angepekua. Leonsia hakuyaficha kwa kuwa alijua yana faida. Hajui hata herufi moja. Aliyaficha kwa sababu Alexander na Rwehumbiza hawakuwahi kupigwa picha, na madaftari yale ndiyo kitu pekee duniani kilichoonyesha kwamba walipita. Alishindwa kuwachoma. Na alipozoea kutowachoma wale wawili, huyu wa tatu naye akawa rahisi.

*

Yalikuwa sita, mawili ya wale waliokufa, manne ya huyu. Selina aliyapanga kitandani, miguuni mwa mdogo wake, akisoma jina la kila moja. Daktari alianza kusoma akiwa amesimama, akamaliza akiwa amekaa.

"Paulo, miezi minane, nimonia. Mwaka mmoja, sikio linatoa usaha. Nimonia. Nimonia tena," alisoma. "Chenge, goti limevimba lina usaha. Chenge, uti wa mgongo. Longino, mapafu, mwaka juzi, zahanati. Kila daktari ameandika kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Na kipimo cha virusi vya UKIMWI, mara tano, hana. Mara tano." Akamtazama Leonsia. "Kila aliyemtibu aliona kipande. Hakuna aliyemwona mtoto mzima."

Kisha akachukua tochi na kijiti, akaomba asaidiwe kufungua mdomo wa mtoto. Alichungulia kwa muda mrefu.

"Kilimi cha kooni kimekatwa."

"Fundi wa vilimi alimkata akiwa na miezi sita," alisema Mhoja, akiwa bado amekaa juu ya ndoo. "Kwa sababu ya kikohozi. Sisi sote tumekatwa."

"Naona. Na mafindofindo, yale ya pembeni, alikatwa na nani?"

"Hayo hakatwi mtu," Mhoja alisema, kama anayemsahihisha mtoto.

"Ndiyo nilivyodhani. Humu kwenye madaftari wameandika mara mbili, 'amekatwa kooni kienyeji'. Waliona kilimi hakipo, wakamlaumu fundi kwa vyote, wakafunga tochi. Huyu mafindofindo hakukatwa. Hakuzaliwa nayo ya kuonekana." Alizima tochi. "Mama, hawa wavulana wawili waliofariki waliumwa nini? Na upande wa mama yako, wajomba, kaka zako, wapo?"

Leonsia alisimulia. Kaka zake watatu, wote wadogo, kifua na degedege. Mjomba mmoja aliyekufa kabla ya kubalehe, mwingine aliyekufa akinyonya. Wanawake wote wazima. Alivyozidi kusema ndivyo alivyozidi kusikia mahali maneno yake yanapoelekea, na Mhoja naye alikuwa anasikia.

Daktari alitoa damu ya mtoto ya kupelekwa Dar es Salaam, na akabadilisha dawa. Masele alimpeleka mama yake kituoni. Kabla ya kutoka aligusa unyayo wa mtoto, ule wa mguu unaoburuta, akautazama mkono wake, akaondoka. Habari ya Kashindye haikutajwa tena siku ile.

*

Siku ya tano asubuhi nesi alimwambia Leonsia amwite mtoto, amwite kwa jina analolijua, kwani wengine husikia kabla ya kuamka.

Leonsia aliinama kwenye sikio la kushoto, lile zima. Alianza na Longino. Hakuna kitu. Akaita Chenge. Akakumbuka siku aliyozaliwa, mvua inanyesha, mkunga anauliza anaitwa nani, akaita Paulo. Kisha akayaita yote matatu kwa mfululizo, tena na tena, kama mtu anayeita kuku jioni, hajali nani anamtazama.

"Mama," sauti ilisema, kavu, imekwaruza. "Mbona unaita watu wengi? Niko peke yangu."

Leonsia alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Yule mama anakula nini?" mtoto aliuliza.

"Sato," mama wa kitanda cha pili alijibu mwenyewe, machozi yanamtoka, mkono na tonge hewani. "Sato wa kuchoma, mwanangu, na utakula mpaka uchoke."

*

Majibu ya damu yalichukua wiki sita. Leonsia alikwenda kuyasikiliza na Selina, wamevaa nguo za kanisani.

Daktari Precious alifunga mlango. "Mtoto ana upungufu wa kinga," alisema, na Leonsia akainuka nusu kutoka kwenye kiti.

"Amepimwa mara tano, wewe mwenyewe ulisoma."

"Kaa, mama. Si ule. Ule mtu anaambukizwa. Huu amezaliwa nao. Mwili una walinzi ndani ya damu, wa kupigana na vijidudu. Kwa mwanao, wale wa aina moja, wale wanaotengeneza kinga, hawapo."

"Wamelala, au hawapo?"

"Hawakuajiriwa kabisa."

Selina akacheka. Leonsia naye alitaka kucheka, ila alikuwa anangoja neno lingine.

Daktari aliendelea pole pole. Mafindofindo ni kambi ya walinzi hao, ndiyo maana hayakuonekana kooni. Kwa sababu walinzi hawapo, vijidudu ambavyo mtoto mwingine angevitemea mate huingia mapafuni, masikioni, na vikipata nafasi hupanda mpaka kwenye utando wa ubongo. Huko ndiko vilikopiga mguu, sikio na lile degedege. Vilivyoharibika vingine havitarudi. Mguu utafanyiwa mazoezi, sikio la kulia ndiyo basi. Lakini kuna dawa, inachujwa kutoka kwenye damu za watu wengi waliojitolea, ni kinga yao anaazimwa yeye. Ataipata kwa dripu kila mwezi, maisha yake yote, na akiipata, magonjwa haya hayatamjia kama zamani. Matone ya polio asipewe tena, wala chanjo yoyote kabla ya kumuuliza daktari.

"Inatoka wapi?" Leonsia aliuliza. "Hiyo ya kuzaliwa nayo."

"Inapita kwa mama. Wasichana wanaibeba bila kuumwa. Wavulana, wengine wanaipata."

Kwa hiyo ni kweli. Leonsia aliikunja kanga yake mapajani, akaikunjua. "Mama mkwe wangu alisema ni mimi. Miaka kumi na minane amesema ni mimi."

"Alisema umefanya nini?"

"Nimekuja na kifo."

"Macho ya mtoto ni ya nani?"

"Yangu."

"Na huo mdomo wa maswali?"

"Wangu huo," Leonsia alikiri.

"Ulikaa ukachagua nimpe macho, nimpe mdomo, nimpe na hili?"

Leonsia alikuwa anamfikiria mama yake kitandani kule Muleba, amegeukia ukutani, na watu wanapita mlangoni wakinong'ona. Mama yake alikufa akiamini ameloga wanawe bila kujua. Angekuwa hai, Leonsia angepanda meli jioni ile ile kwenda kumwambia.

Alichotarajia ni uchungu. Uchungu aliujua, ulikuwa mwenzake wa nyumbani. Lakini kilichokuja ni kitu kingine, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani baada ya mlima mrefu, shingo bado inauma na miguu inataka kuruka. Jambo lilikuwa lake, ndiyo. Lakini halikuwa dhambi, halikuwa uchawi, halikuwa mkono mbaya. Lilikuwa na jina ambalo daktari aliliandika kwenye karatasi, na lilikuwa na dripu.

"Na huyu?" aliuliza, akimwonyesha Selina kwa kidevu.

"Tutampima akiwa tayari. Akiwa anaibeba, wanawe wa kiume watapimwa wakizaliwa. Wataanza dawa kabla ya nimonia ya kwanza."

"Mimi kwanza nataka kuwa nahodha wa meli," alisema Selina. "Hayo ya watoto mtanisubiri."

Dripu ya kwanza ilichelewa wiki tano kufika, na wiki hizo tano Leonsia hakushona wavu hata mmoja vizuri. Ilipofika, Masele alikuja. Daktari alimweleza yote, na Masele akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipotoka nje alimkuta Leonsia kwenye benchi.

"Ile sahihi ya Rwehumbiza," alisema. "Niliiweka mimi."

"Najua ni wewe. Nilikuwepo."

Alingoja kama aambiwe neno jingine. Leonsia hakumsamehe siku ile na hajamsamehe mpaka leo, wala Mhoja hajaomba kusamehewa. Anatuma mahindi mabichi kwa makondakta, na Leonsia anayapika. Hata hivyo Masele ndiye anayempeleka mtoto kwenye dripu kila mwezi, anavuka ziwa kwa ajili hiyo. Kwa hilo anapewa chai.

*

Mvua za masika zilikuja, mvua ambazo kila mwaka ziliwapeleka wodini, na zikapita. Mtoto alikohoa siku mbili akaacha. Alinenepa mashavu. Mguu bado anauburuta, na ukimsemesha upande wa kulia anakupita kama nguzo, na mambo mengine anayasahau, akitumwa chumvi anarudi na kiberiti. Shuleni wamemkalisha mbele.

Jumamosi moja mwezi wa sita Leonsia alitoka ndani akakuta wavu wa mteja, aliokuwa ameushona siku nne, umekatwa maboya manne pembeni kwa wembe. Alifuata alama za matope kuzunguka nyumba, kupanda kwenye mawe, na huko akamkuta mwanaye na wenzake watatu, na gari la boksi lenye magurudumu manne mapya.

Alimgombeza. Alimgombeza kwa Kiswahili, akaongeza kwa Kihaya, akamwambia yeye ni mwizi, ana kichwa cha boga, atayarudisha maboya hayo kwa meno, na leo hana chakula mpaka aombe radhi mwenye wavu kwa magoti. Wenzake walitimka. Mama Josephat wa nyumba ya chini alitoka na mwiko mkononi.

"Mama Selina, leo huyo ndiye unamgombeza?"

Ndipo Leonsia alipojisikia. Miaka saba hakuwahi kumpandishia mtoto huyu sauti. Ungemgombezaje mtu ambaye huenda kesho usimwone? Hata akivunja sahani ulimwokotea vipande ukamwambia pole.

Mtoto alikuwa amesimama juu ya jiwe, mdomo wazi, gari lake kifuani. Alikuwa anawaona wenzake wanavyogombezwa siku zote. Uso ulianza kulia, ukabadilika njiani.

"Mama Josephat, umesikia?" alisema. "Mama amenigombeza."

"Nimesikia, baba. Mtaa mzima umesikia."

"Amesema nina kichwa cha boga."

"Unacho," alisema Leonsia. "Shuka hapo upesi kabla sijaja mwenyewe."

Alishuka akiuburuta mguu wake, hana haraka, anatabasamu, na Leonsia akaendelea kumgombeza njia nzima mpaka mlangoni.